Michi Mitatu Ndani ya Kompyuta ya Mzee Kassamali

Thorncliffe Park, Toronto

Dada yangu Agnesi,

Kabla sijasema langu, niambie kwanza magoti ya Mama yanaendeleaje. Ile dawa ya kupaka anaipaka, au ameificha kabatini pamoja na kanga zake za kuzikwa? Namjua Mama. Mwambie dawa haiwekewi akiba, ipakwe. Na wewe presha yako je? Na mihogo, mmeiokoa na nguruwe pori mwaka huu? Sisi huku hatujambo. Baridi imelegea kidogo, theluji imebaki ile chafu chafu pembeni ya magari, na lifti ya jengo letu imekufa tena, kwa hiyo magoti yangu nayo yameanza kufuata ya Mama.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu habari yenyewe simu haiiwezi. Unajua simu zetu, nikifika penye utamu wewe unaanza "unanisikia, unanisikia" mpaka inakatika. Kwa hiyo kaa na Mama umsomee polepole, na ukifika pa kucheka msubiri amalize. Naanza na la mwisho ili roho zenu zitulie: Neema amechukuliwa. Ile shule ya muziki imemchukua. Sasa nikusimulie ilivyokuwa, maana ilibaki kidogo tu mimi mama yake niwe ndiye niliyemwangusha.

Unakumbuka tulivyokubaliana, na wewe ulikuwa shahidi. Neema aliacha unesi katikati akasema anataka kusomea kutunga muziki kwa kompyuta. Mimi nikalia, wewe ukagomba, Mama akauliza kama kompyuta nayo inalipwa mshahara. Mwisho tukasema ajaribu mara moja. Wakimkataa, anarudi kwenye unesi na hatutaki kusikia neno. Akakubali. Tangu siku hiyo nilikuwa nasali, na Mungu anisamehe, sala yangu haikuwa na mwelekeo. Asubuhi namwomba wamchukue, jioni nikirudi kazini nimechoka namwomba wamkatae.

Sasa, ghorofa ya juu yetu anakaa Mzee Kassamali. Ni Mhindi wa Tanga mjini, mtu mzima sana, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Mkewe alishafariki, watoto wake wanakaa mbali huko Agincourt, wanakuja Jumapili. Neema anamwita Babu na humpandishia chakula. Huyo ndiye aliyempa kompyuta. Usifikirie hizi za kukunja kama daftari. Hii ni ya zamani, nyakati zile watu ndiyo wanaanza kuweka kompyuta nyumbani. Imekaa kama mashine ya chapa, unaichomeka kwenye televisheni, na ukiizima inasahau kila kitu kama mtu aliyepigwa na usingizi. Akili yake iko kwenye kaseti. Ndiyo, Dada, kaseti hizi hizi tulizokuwa tukisikilizia nyimbo. Unaiwekea kaseti, inaisoma kwa muda mrefu, ndipo inakumbuka kazi yake ni nini.

Na kazi yake ilikuwa kutunga muziki. Nimesema kutunga, siyo kupiga muziki wa mtu. Neema alinieleza mpaka nikaelewa hivi: ile mashine inaokota sauti kama unavyookota kura kwenye kofia, ila imewekewa miiko. Usiruke mbali na sauti uliyotoka. Usirudie ileile mpaka watu wachoke. Ukikaribia mwisho, rudi pale ulipoanzia. Basi kwa kura na miiko unatoka wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, ukibonyeza tena unatoka mwingine. Mzee Kassamali aliichapa programu hiyo mwenyewe kutoka kwenye gazeti la kompyuta, kwa vidole viwili, baridi yake ya kwanza nchi hii. Anasema wakati huo hakuwa na mtu wa kuongea naye, basi jioni anaiwasha imwimbie. Neema alitaka kwenda nayo mbele ya walimu wa ile shule, awaonyeshe kaifufua na anaijua ndani nje.

Hapo ndipo naingia mimi na kaseti ya Mama.

Unajua Mama alivyoniomba. Sauti ya kwenye simu ina haraka, anataka nimtumie kaseti kama zamani, aweke kwenye redio yake asikilize akichambua mchele. Nikapata mtu anayekuja Tanga. Redio kaseti nilikuwa nayo, nilinunua duka la mitumba. Kaseti yenyewe sasa utaipata wapi? Madukani vijana wananitazama kama ninaulizia taa ya chemli. Jumamosi hiyo Neema ametoka, nikaona moja mezani kwake, maandishi yamefutika. Nikaiweka nisikilize isije ikawa na kitu cha mtu. Dada, ilitoa sauti kama dagaa wanavyotupwa kwenye mafuta ya moto, krrrr, halafu mluzi, halafu krrrr tena. Nikasema hii imeshaharibika, lakini utepe si mzima? Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, kikagoma kushuka. Nikaigeuza, nikaona kile kipande cha plastiki cha mgongoni kimevunjwa.

Wewe ungefanyaje? Nilifanya ulilonifundisha wewe mwenyewe. Nikachana karatasi ya majani ya chai, nikaikunja, nikaziba tundu. Kitufe kikashuka. Nikakaa nikaongea na Mama upande mzima. Nimemsalimia, nimemweleza habari za kazi, nimemwimbia na ubeti wa kanisani.

Neema akarudi mchana. Nipo jikoni nakaanga samaki, nasikia kimya, halafu nasikia sauti yangu mwenyewe chumbani kwake: "Mama shikamoo, ni mimi Josefina, huku baridi ni kali." Nikacheka. Nikasema kwa sauti, "Umeipata kaseti ya bibi yako."

Akatoka ameishika mkononi. Unajua huyu mtoto, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini siku hiyo alikuwa akichanganya vyote, mimi nakuandikia kama nilivyomwelewa.

"Mama, programu ya Babu ilikuwa humu."

"Humu kulikuwa na makelele tu."

"Hayo makelele ndiyo programu."

Nikazima jiko. Nikamwambia mwanangu nisamehe, sikujua, niliona kama kaseti mbovu. Alikuwa karibu kunielewa, nakwambia alikuwa karibu kabisa. Halafu akaigeuza akaona ile karatasi.

"Hii ni nini?"

"Nimeziba ili irekodi."

Halafu akasema polepole, "Babu aliivunja hapa ili mtu yeyote asiweze kuifuta. Huwezi kuifuta kwa bahati mbaya. Ilikukatalia, Mama. Ilikukatalia ukatafuta karatasi, ukaikunja, ukailazimisha. Ulitaka nirudi kwenye unesi. Ungeniambia tu."

Yeye amekulia huku, kaseti hajazijua. Kwake lile tundu ni kama mlango uliofungwa kwa kufuli, nami nimeuvunja. Nilitaka kumwambia kwetu kila mtu anaziba, lakini nikajisikia nikisema nikaona mwenyewe yanafanana na uongo. Akaondoka, akapanda ngazi kwa Mzee. Nikamfuata na aproni yangu, napumua kama ng'ombe wa kulima, najiambia nimepoteza kazi ya mzee wa watu na mtoto pia.

Nilipofika mlangoni Neema alikuwa ameshamweleza. Mzee Kassamali amevaa miwani, ameishika kaseti karibu na dirisha. Akaichomoa ile karatasi kwa ukucha, akaikunjua, akasoma jina la majani ya chai. Mimi nikasema, "Mzee, nisamehe." Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, mpaka kofia ikamwanguka.

"Mtoto," akamwambia Neema, "mama yako ni mtu wa Tanga kweli."

Akampa Neema ile karatasi.

"Nyumbani kwetu," Mzee akasema, "kaseti moja tulirekodi harusi ya dada. Mjomba akaziba tundu kwa karatasi ya sigara, akarekodi kaswida juu yake. Ndugu yangu akaziba akarekodi mpira. Mama akitaka kusikiliza harusi anapata goli, na nyuma yake kwa mbali, vigelegele. Nani alivunja kile kipande ili tundu lisizibwe? Kaseti za dukani zote zinakuja zimevunjwa. Hakuna nyumba hata moja isiyojua kuziba."

"Lakini Babu, ilikuwa yako. Uliichapa mwenyewe."

"Niliichapa. Na ningekuwa mtu wa maana ningeichapa mbili." Akanigeukia. "Bi Josefina, umemwimbia nini mama yako huko mwishoni? Nilikusikia huku juu. Sauti yako ilitoka nje ya wimbo."

Nikacheka huku machozi yananitoka. Neema hakucheka, lakini alikaa karibu yangu kwenye kochi, bega kwa bega. Nikaona hapo ndipo pa kusema ukweli wote. Nikamwambia, "Kaseti sikuiharibu kwa kusudi, naapa kwa kaburi la baba yako. Lakini kuhusu unesi hukukosea. Nilikuwa naomba wakukatae. Si kila siku. Siku nyingine." Akasema, "Najua, Mama. Unasali kwa sauti."

Basi kaseti imekwenda na siku ya kwenda mbele ya walimu imekaribia. Mzee hakumbuki mstari hata mmoja. Neema akasema atajaribu kuiandika upya kama ilivyokuwa, na Mzee akamwambia kitu ambacho mpaka leo nakifikiria: "Ile miiko ilikuwa ya watu wengine, mimi niliinakili tu kwa sababu nilikuwa mpweke. Andika ya kwako." Mtoto akakaa mbele ya ile televisheni siku kadhaa, anaandika, anafuta. Mashine inatoa muziki, lakini muziki wenyewe ni kama watoto wa darasa la kwanza wametoka mapumziko. Sauti tatu ndizo inazoweza kutoa kwa pamoja, wala si zaidi, na hizo tatu zinagongana tu.

Siku moja mchana nipo jikoni natwanga kisamvu. Kinu changu ni kidogo, nimekiweka sakafuni juu ya blanketi lililokunjwa kwa ajili ya jirani wa chini. Neema akapaza sauti, "Mama, tafadhali, unanipotezea hesabu." Nikaacha. Baada ya kidogo akaja mlangoni.

"Hebu endelea."

Nikatwanga. Akasikiliza, akauliza, "Mlikuwa mnatwanga peke yenu hivi nyumbani?"

Nikamwambia nani atwange peke yake makopa ya muhogo ya nyumba nzima? Tulikuwa tunasimama watatu, mimi na mama zako wakubwa Agnesi na marehemu Selina, kinu kimoja, michi mitatu.

"Mbona haikugongana?"

Dada, swali la kitoto, lakini sikuwahi kuulizwa. Nikajaribu kumweleza, mdomo ukakwama, mikono ndiyo inayojua. Nikampa mwiko wa ugali, nikamwambia akaniitie Mzee. Mzee akaja na kibao chake cha chapati akidhani tunapika, nikamwambia arudi akalete kile kijiti cha kusukumia. Tukakaa chini watatu, tukazunguka kile kinu kama watoto wanaocheza.

Nikawaambia hivi. Mchi ni mmoja tu ndani ya kinu. Ukiwa chini wa kwako, wa mwenzako uko njiani na wa tatu uko juu. Hutazami kinu, unamsikiliza aliyekutangulia. Tukaanza. Mzee akaingia mahali pangu mara ya kwanza, na ya pili.

"Mzee, unanitwanga vidole."

"Bi Josefina, sisi kwetu tulikuwa tunapeleka mashineni."

"Ndiyo maana bada hamuijui."

"Siijui vipi, na ugali huo wa muhogo nilikula kwenu Muheza nikashiba?"

Neema akacheka. Tangu ile Jumamosi ndiyo kwanza kumsikia. Kisha akauliza, "Na mtu akichoka?" Nikamwonyesha. Anayechoka haondoki kimya, atawaponza wenzake. Anagonga kwanza ukingo wa kinu, ko, ko, hapo wenzake wanajua wamebaki wawili, wanajisogeza kuziba nafasi yake. Akishapumzika anaingia kwa kugonga tena. Na unga ukianza kulainika, hamtwangi kwa nguvu ile ile, mnalegeza wote pamoja, hakuna anayewaambia. Tukagonga ukingo, tukalegeza, tukaongeza, mpaka jirani wa chini akaanza kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

"Huyo wa nne," Neema akasema, "yeye hajafuata miiko."

Akaondoka na mwiko wangu mkononi, akaenda kuandika. Kila akikwama ananiita. Mama, anaweza kuchoka wa kwanza? Anaweza, hata aliyeanzisha. Mama, wawili wanaweza kuchoka pamoja? Hapana, mmoja anamstahi mwenzake. Mzee alikuwa anamsaidia kukumbuka jinsi ile mashine inavyopenda kuambiwa mambo, maana Neema anasema ni kama mtu mzima asiyesikia vizuri, unampa neno moja moja. Na safari hii wakarekodi kaseti mbili.

Siku yenyewe nikaomba ruhusa kazini. Tulibeba kompyuta kwenye kikapu cha sokoni, nimeifunga kwa kanga, na Mzee akiwa ameng'ang'ania televisheni yake mwenyewe kwa sababu hizi mpya hazina pa kuchomeka. Ukumbi mkubwa, viti vimeinuka kama ngazi, walimu watatu mezani. Wengine waliomtangulia Neema walikuja na kompyuta nyembamba kama sahani, wanagusa tu, muziki unajaa ukumbi. Akaitwa. Akaweka kaseti. Krrrr, dagaa wale wale wakaanza kukaanga, ukumbi mzima unasikiliza dagaa. Watu wakaanza kuangaliana. Mwalimu mmoja mwanamke, mrefu, nywele nyeupe fupi, akaweka kalamu chini. Ikafika mwisho, na kwenye televisheni likatokea neno ambalo hata mimi nalijua, kosa.

Nikaona mtoto wangu anasimama pale mbele peke yake. Mzee Kassamali akainuka kutoka kwenye kiti akasema kwa Kiswahili, bila kujali nani anasikia, "Punguza sauti ya kaseti kidogo, mtoto. Unaipigia kelele, haikusikii." Neema akapunguza, akarudisha mwanzo. Tukasubiri tena. Sijawahi kusubiri hivyo hata kwenye chumba cha kujifungulia.

Ikaanza. Mchi wa kwanza, mzito, chini. Wa pili akaingia. Wa tatu. Sauti zake ni za mashine, nyembamba za kuguna, lakini zinapishana, Dada, zinapishana kama inavyotakiwa, na juu ya kule kupishana wimbo unakwenda unarudi. Neema alikuwa ameshatoa mikono, hakuna aliyeigusa. Halafu nikasikia ko, ko. Wa pili amechoka. Nikiwa nimekaa pale katikati ya Wazungu mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa nguvu, "Pokea." Na wale wawili wakapokea. Watu wakageuka kunitazama, sikuona haya hata kidogo.

Ilipolegea na kunyamaza, yule mwalimu mrefu akaomba iwashwe tena. Ukatoka wimbo mwingine, si ule, lakini ukiwasikia unajua ni watoto wa tumbo moja. Akauliza nani ametunga. Neema akajibu, "Miiko ni ya mama yangu na dada zake. Kura ni za mashine. Mimi ndiye niliyewakutanisha." Mwalimu akanitafuta kwa macho, akauliza, Neema akinitafsiria, kama kweli ndivyo inavyosikika nyumbani. Nikamwambia, "Wa tatu anachelewa kidogo. Lakini hata Agnesi alikuwa anachelewa." Neema akatafsiri, ukumbi mzima ukacheka. Usinikasirikie, Dada. Sasa unajulikana Toronto.

Jibu lilikuja nikiwa kazini, namlisha uji bibi mmoja wa pale kwenye nyumba ya wazee. Nikamwona Neema mlangoni na koti lake halijafungwa, hajawahi kuja pale. Akasema, "Mama, wamenichukua." Kwa Kiswahili, bila hata neno moja la Kiingereza. Niliacha kijiko, nikapiga vigelegele kwenye korido yote. Manesi wakaja mbio wakidhani mtu amekufa. Yule bibi akapiga makofi, hajui anapigia nini, akaomba uji wake.

Kaseti ya Mama ninaituma na barua hii, Mzee amesema iende kama ilivyo, ina kazi nzuri zaidi sasa. Upande wa pili Neema ameweka ule muziki wa michi. Mama akisikia ko, ko, mwangalie miguu.

Nisalimie Mama, umshike magoti kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, na wanao wote, hasa yule kitinda mimba aliyetaka kujua kama theluji inalika. Wasalimie wanakwaya wenzangu wa zamani, na mama mwenye duka la pale njia panda aliyenikopesha kikapu cha safari. Mzee Kassamali anawasalimu, anasema bada akiikuta tena atauliza kwanza walioitwanga walikuwa wangapi.

Jambo moja lilibaki. Vile viatu vyeupe vya unesi nilivyomnunulia Neema alipoanza, vilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda changu, nilikuwa navipangusa vumbi. Jumatatu nilivitoa nikavivaa mimi kwenda kazini. Vinanibana kidogo kwenye kidole gumba, lakini vinalegea.

Ni mimi mdogo wako, mama wa mtunzi,
Josefina